Dakika Kumi Chini ya Theluji

Mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji hawezi kujichimbua. Theluji inapoporomoka huwa laini na yenye kutiririka, lakini ikishasimama hugandamana kwa sekunde chache ikawa ngumu kama zege. Mkono uliokutwa juu ya kichwa unabaki juu. Uliokutwa chini ya tumbo hautoki. Hewa imo ndani ya theluji, maana theluji yenyewe ni chembe za barafu zilizoshikana na hewa katikati, ila pumzi ya mtu huyeyusha theluji iliyo mbele ya uso wake, kisha maji hayo huganda upya yakawa utando wa barafu, na ile hewa chafu aliyoitoa ndiyo anayoivuta tena. Haja ya kwanza ya mtu huyo ni muda. Haja ya pili ni mwenzake aliye karibu.

Hayo yanasemwa kwa sentensi chache leo, lakini kuyajua kumechukua zaidi ya karne tisa na maelfu ya maisha.

Watawa, mbwa na misitu iliyokatazwa: karne ya 11 hadi 1876

Njia ya Great St Bernard, iliyo mita 2,469 juu ya usawa wa bahari kati ya Uswisi na Italia, ilipitiwa na wafanyabiashara, mahujaji na majeshi tangu enzi za Warumi. Katikati ya karne ya 11 kiongozi wa kanisa la Aosta aliyeitwa Bernard alianzisha kule juu nyumba ya kupokea wasafiri, ikiendeshwa na watawa. Waliishi pale mwaka mzima, na wakati wa baridi walishuka njiani kuwatafuta watu waliopotelewa na njia au kufukiwa. Mwishoni mwa karne ya 17 walikuwa tayari wanafuga mbwa wakubwa, kwanza wa ulinzi, baadaye wa kuongoza njia kwenye ukungu na kunusa waliokuwa chini ya theluji. Mbwa mmoja aliyeitwa Barry, aliyeishi kati ya 1800 na 1814, anasifiwa kuokoa zaidi ya watu 40, na mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Bern. Kile kipipa cha pombe anachochorwa nacho shingoni kilitoka kwenye brashi ya mchoraji Mwingereza Edwin Landseer. Watawa hawakumfunga mbwa yeyote kipipa.

Wanakijiji wa Alps nao walikuwa na elimu yao, na ilikuwa elimu ya mahali. Mzee alijua ni korongo lipi hushusha theluji kila baada ya miaka michache, na ni lipi lilishusha mara moja tu wakati wa babu yake. Mwaka 1397 watu wa Andermatt, kijiji kilicho chini ya njia ya Gotthard, walijiwekea sheria ya maandishi: mtu asikate mti katika msitu ulio juu ya kijiji, wala asiokote matawi au makoko yaliyoanguka. Walikuwa wameona kwamba miti huzuia theluji isianze kuteleza, na kwamba mteremko ukishakatwa miti unachukua vizazi kadhaa kuota tena. Karibu na Davos, kanisa la Frauenkirch lilijengewa ukuta wa nyuma wenye ncha, ukielekea mlimani, ili theluji ikija igawanyike pande mbili na kulipita jengo.

Ninaiheshimu sana elimu hiyo. Haikuwa na vipimo wala vyombo, lakini ilijengwa juu ya kanuni ambayo wataalamu wameirudia baadaye kwa gharama kubwa: usikae pale theluji inapopita. Udhaifu wake ni kwamba ilimfaa mtu aliyezaliwa pale na kuzikwa pale. Mgeni hakuwa nayo.

Aliyeanza kuikusanya kwa utaratibu ni Johann Coaz, bwana misitu kutoka Graubünden, ambaye mwaka 1875 alikuwa mkaguzi mkuu wa kwanza wa misitu wa serikali ya Uswisi. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria ya kulinda misitu ya milimani. Coaz aliwatuma mabwana misitu waandike kila poromoko katika eneo lao: lilianzia wapi, lilipita wapi, liliua nini. Mwaka 1881 akachapisha kitabu juu ya maporomoko ya Alps za Uswisi. Kwa mara ya kwanza kumbukumbu za wazee ziliingia kwenye daftari.

Wageni mlimani: 1898 hadi 1918

Mwishoni mwa karne ya 19 milima ilijaa watu wasiokuwa na wazee wa kuwaonya, au waliokuwa nao lakini hawakuwasikiliza. Kwenye njia ya Chilkoot, mpakani mwa Alaska na Kanada, maelfu ya watafuta dhahabu walikuwa wakipandisha mizigo kuelekea Klondike. Tarehe 3 Aprili 1898, Jumapili ya Matawi, baada ya siku kadhaa za theluji nzito na joto lililoanza kupanda, wapagazi Watlingit walikataa kupanda. Walijua milima yao. Watafuta dhahabu wakapanda bila wao, na zaidi ya watu 60 wakafa siku hiyo.

Reli ilileta balaa kubwa zaidi. Mwishoni mwa Februari 1910 treni mbili za kampuni ya Great Northern zilikwama kwa siku kadhaa katika kituo cha Wellington, jimbo la Washington, chini ya mteremko ambao miti yake ilikuwa imeungua. Theluji ilianguka bila kukoma, kisha ikageuka mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, katikati ya radi, mteremko mzima uliachia na kuzisukuma treni zote mbili hadi bondeni mtoni. Walikufa watu 96, na hakuna poromoko lililoua wengi kiasi hicho nchini Marekani hadi leo.

Siku tatu baadaye, Rogers Pass upande wa Kanada, wafanyakazi wa reli ya Canadian Pacific walikuwa wakichimba usiku kuondoa theluji iliyoziba njia. Ilikuwa imeshuka kutoka mteremko wa upande mmoja. Walipokuwa ndani ya handaki la theluji walilolichonga, mteremko wa upande wa pili ukashuka juu yao. Walikufa 58, zaidi ya nusu yao vibarua wa Kijapani. Kampuni ikaamua kuuacha mlima: ikatoboa handaki la Connaught, lenye urefu wa karibu kilomita nane, chini ya njia ile, na kulifungua mwaka 1916. Jina la Rogers Pass litarudi katika historia hii.

Mwaka huohuo wa 1916, majeshi ya Italia na ya Austria-Hungaria yalikuwa yamekaa juu ya vilele vya Alps yakitazamana. Binadamu hawakuwahi kuishi wengi hivyo, kipindi cha baridi, katika miteremko mikali hivyo. Kwenye mlima Marmolada kambi moja ya Waaustria ilijengwa mahali palipokingwa na mizinga ya adui lakini palipokuwa wazi kwa theluji ya kilele. Kamanda wa pale aliomba kambi ihamishwe. Wakubwa wake wakakataa. Asubuhi ya tarehe 13 Desemba, baada ya theluji nyingi kufuatwa na joto na mvua, kilele kilimwaga theluji juu ya mabanda, na takriban wanajeshi 270 wakafa. Mwezi huo maporomoko yaliua maelfu ya askari wa pande zote mbili.

Mmoja aliyenusurika mwaka ule alibadilisha mawazo ya wengi. Mathias Zdarsky, Mwaustria aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa kuteleza kwa skii katika Alps, alikuwa akiwafundisha askari usalama wa milimani. Tarehe 28 Februari 1916 alitoka kwenda kuwasaidia askari waliofukiwa, na poromoko jingine likamchukua yeye. Alitolewa akiwa hai na mivunjiko na miteguko ipatayo 80. Aliishi miaka mingine 24 na kuandika juu ya theluji, akisisitiza jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: kwamba theluji ileile nyeupe na tulivu inayomvutia mtelezaji ndiyo yenye hila.

Kibanda cha Weissfluhjoch: 1931 hadi 1954

Uswisi iliunda tume ya utafiti wa theluji mwaka 1931. Mabwawa ya umeme, reli za milimani na hoteli za majira ya baridi vilikuwa vimeongezeka, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mteremko unashika Jumanne na kuachia Jumatano. Mwaka 1936 watafiti walihamia katika kibanda cha mbao huko Weissfluhjoch, juu ya Davos, zaidi ya mita 2,600. Mle ndani walikuwamo Robert Haefeli, mhandisi aliyekuwa amezoea kupima nguvu za udongo, na Henri Bader, aliyechunguza chembe za fuwele. Waliichukua theluji kama mhandisi anavyochukua udongo wa msingi wa nyumba: wakaikata, wakaipima, wakaibana mpaka ikavunjika.

Walichokiona ndicho msingi wa kila kozi ya leo. Theluji ya mlimani ni matabaka, na kila dhoruba huacha tabaka lake. Matabaka hayo hayatulii. Chini, karibu na ardhi, kuna joto kidogo. Juu kuna baridi kali. Na unyevu ukipanda kutoka chini kwenda juu, chembe ndogo zilizoshikana hugeuka kuwa chembe kubwa zenye pembe, zisizoshikana, kama sukari ya mawe. Tabaka hilo likibaki chini, kisha dhoruba mpya ikaweka bamba gumu juu yake, mteremko umetegwa. Unaweza kukaa hivyo wiki kadhaa. Uzito wa mtu mmoja ukivunja tabaka dhaifu mahali pamoja, ufa hukimbia pembeni kwa mamia ya mita, na bamba lote huachia mara moja. Hii ndiyo sababu mtu huona mteremko ukipasuka juu yake, wala si chini ya miguu yake, na kukuta amesimama katikati ya kitu kinachoanza kwenda.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uswisi lilikuwa na huduma yake ya tahadhari za theluji, na mwaka 1945 taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos ikaichukua na kuanza kutoa taarifa kwa raia. Ilikuja kwa wakati, ingawa haikutosha. Majira ya baridi ya 1950–51 mfululizo wa dhoruba moja baada ya nyingine uliporomosha mamia ya maporomoko: watu 98 walikufa Uswisi, na zaidi ya 260 katika Alps nzima. Andermatt, kijiji cha ule msitu uliokatazwa, kilipoteza watu 13.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Blons, kijiji cha Vorarlberg, magharibi mwa Austria. Asubuhi ya tarehe 11 Januari 1954 poromoko la kwanza lilipita katikati ya nyumba zilizotawanyika mlimani. Majirani walitoka na mabeleshi na mikono mitupu, wakachimba mchana kutwa, wakawatoa waliokuwa hai na kuwalaza katika nyumba zilizobaki. Jioni, mteremko wa pili ukashuka. Uliwafukia waokoaji, na uliwafukia tena baadhi ya waliokuwa wameokolewa asubuhi. Blons ilizika watu 57. Kwa siku za mwanzo kijiji kilijichimba chenyewe, maana barabara zilikuwa zimekatika na simu hazifanyi kazi.

Baada ya miaka hiyo serikali za Alps zilifanya kazi kubwa. Uzio wa chuma ulisimikwa kwenye miteremko inayoanzisha maporomoko, ramani za hatari zikachorwa, ujenzi ukakatazwa katika maeneo mekundu. Haikumaliza kila kitu: tarehe 23 Februari 1999 poromoko la Galtür, Austria, liliua watu 31, na sehemu ya nyumba lilizozigonga zilikuwa katika eneo lililohesabiwa kuwa salama. Hata hivyo, kwa ujumla nyumba na barabara zimekuwa salama kuliko wakati wowote uliopita. Vifo vikahama. Leo, kati ya watu wapatao 100 wanaokufa kwa maporomoko kila mwaka barani Ulaya, karibu wote wamekwenda wenyewe mlimani kwa hiari yao, kwa skii, kwa ubao wa kutelezea au kwa miguu, nje ya njia zinazosimamiwa.

Mzinga na kamba: 1945 hadi 1997

Upande wa Marekani, mabadiliko yalianzia Alta, jimbo la Utah. Ulikuwa mji wa machimbo ya fedha ambao wachimbaji wake walikata miti yote ya mabonde na kufukiwa na theluji mara kadhaa. Miaka ya 1930 ukawa mahali pa kuteleza. Mwaka 1945 alifika Monty Atwater, aliyekuwa ametoka vitani katika kikosi cha milimani, akaajiriwa na idara ya misitu kuangalia usalama. Alifikiri kijeshi: kama theluji lazima ishuke, basi ishuke saa tunayotaka sisi, bila mtu chini yake. Akatumia baruti, kisha mizinga ya jeshi. Mwaka 1949 Alta ikawa kituo cha kwanza cha utafiti wa maporomoko katika Amerika, na mwaka 1952 mwanafizikia Ed LaChapelle akajiunga naye.

Njia ya Atwater imefanya maeneo ya skii na barabara kuu kupitika. Rogers Pass yenyewe, ilipopitishiwa barabara kuu mwaka 1962, ililindwa kwa mizinga ya milimita 105 ya jeshi la Kanada, na inalindwa hivyo hadi leo. Lakini mzinga unafika pale tu unapolengwa. Ng'ambo ya kamba inayoweka mpaka wa eneo la skii hakuna aliyepiga kitu, hakuna aliyekagua, na hapo ndipo watu wengi zaidi walianza kwenda kila mwaka kadiri vifaa vilivyozidi kuwa vyepesi.

Je, mtu akifukiwa huko, nani atampata? Mapema karne ya 20 Eugen Oertel, mpanda milima wa Bavaria, alipendekeza kila mtu aburute nyuma yake kamba nyembamba nyekundu, kwa matumaini kwamba ncha yake itabaki juu ya theluji. Ilitumika kwa miongo kadhaa, na mara nyingi ilizama pamoja na mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Mswisi Ferdinand Schmutz alianza kuwafundisha mbwa kutafuta waliofukiwa, na jeshi likaichukua kazi hiyo. Mbwa hunusa vizuri kuliko chombo chochote. Tatizo ni kwamba mbwa yuko kijijini, na saa ya mtu aliye chini imeshaanza kuhesabu.

Jawabu lilitoka kwa mhandisi wa umeme. Mwaka 1968, katika maabara ya Cornell huko Buffalo, New York, John Lawton alitengeneza kifaa kidogo cha redio kinachoweza kutoa ishara na kuipokea. Kila mtu katika kundi anakivaa kifuani kikiwa kinatoa ishara. Mmoja akifukiwa, waliobaki wanageuza vyao kwenye kupokea na kuifuata sauti: ikiongezeka wanakaribia, ikipungua wamepita. Kiliuzwa kuanzia 1971 kwa jina la Skadi. Watengenezaji wa Ulaya walichagua masafa tofauti, kwa hiyo mtu mwenye kifaa cha Kimarekani angeweza kufa mita mbili chini ya Mwaustria mwenye kifaa kinachofanya kazi vizuri kabisa. Mgogoro huo uliendelea hadi 1986, mashirika ya uokoaji yalipokubaliana juu ya kilohezi 457. Mwaka 1997 vikatokea vifaa vya kidijitali vinavyoonyesha umbali kwa tarakimu na upande kwa mshale.

Mchoro wa mwaka 1994

Mpaka hapo kila mtu alisema "haraka," bila kujua haraka ni kiasi gani. Mwaka 1994 Markus Falk, Hermann Brugger na mwenzao walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa mamia ya watu waliofukiwa Uswisi. Waliweka dakika upande mmoja na idadi ya waliotoka hai upande mwingine. Mchoro uliotokea ulishtua hata madaktari: waliotolewa ndani ya dakika 15 walikuwa hai kwa asilimia 92, waliotolewa baada ya dakika 35, asilimia 30 tu. Katikati ya dakika hizo mstari ulianguka wima. Wengi waliokufa pale hawakufa kwa baridi. Walikosa pumzi.

Tafiti za Kanada mwaka 2011 zilionyesha hali mbaya zaidi, kwa sababu misitu ya kule huwapigiza watu kwenye miti na theluji ya pwani ni nzito: nafasi nzuri iliishia kwenye dakika 10.

Hesabu hiyo ilibadilisha maana ya uokoaji. Helikopta, hata ikiitwa papo hapo, kwa kawaida haifiki ndani ya dakika 15. Mwokoaji ni yule rafiki uliyepanda naye asubuhi. Ndiyo sababu vitu vitatu, yaani kifaa cha ishara, fimbo ndefu ya kuchokolea na beleshi la chuma chepesi, lazima viwe kwa kila mmoja: beleshi lililo katika begi la mtu aliyefukiwa halimsaidii. Na ndiyo sababu watu waliojali walianza kufanya mazoezi ya kuchimba, kazi iliyokuwa ikidharauliwa. Mtu wa mita moja chini anahitaji tani nzima ya theluji iondolewe, na sehemu kubwa ya dakika zote huishia hapo. Fimbo ikigusa mwili inaachwa papo hapo. Wachimbaji wanasimama upande wa bondeni, si juu ya mtu, kwa sababu wakisimama juu yake wanaponda nafasi ya hewa. Mmoja mbele anakata vipande, wa nyuma wanavisukuma chini ya mteremko, na wanabadilishana kila baada ya dakika chache kabla nguvu hazijaisha. Uso na kifua vinafunguliwa kwanza.

Vifaa vya kumzuia mtu asizame navyo vilifika. Miaka ya 1970 bwana misitu wa Bavaria, Josef Hohenester, aliona kwamba alipobebwa na poromoko akiwa na mnyama wa mawindo mabegani, alibaki juu ya theluji. Mwili mkubwa hupanda juu theluji inapochanganyika, kama vipande vikubwa vinavyopanda juu ndani ya pakiti ikitikiswa. Peter Aschauer alinunua haki ya wazo lake na mwaka 1985 akaonyesha begi la mgongoni lenye mfuko unaojaa hewa ukivuta kamba. Linasaidia kweli, lakini halimkingi mtu dhidi ya mti wala jabali.

Macho yakageukia kwa binadamu: 1992 hadi 2004

Katika idadi kubwa ya ajali zinazoua, takriban tisa kati ya kumi, poromoko limeanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mtu wa kundi lake. Hapo ndipo historia hii inageuka, kwa maoni yangu. Watawa wa St Bernard walingoja mlima uwaangukie wasafiri. Mtelezaji wa leo ndiye anayeuangusha.

Nchi za Ulaya ziliunganisha vipimo vyao mwaka 1993, hatari ikapangwa kwa ngazi tano. Werner Munter, mwongozaji wa Uswisi, akaenda mbali zaidi: badala ya kumtaka kila mtu awe mwanasayansi wa theluji, alimpa hesabu rahisi ya kulinganisha ngazi ya hatari ya siku na ukali wa mteremko. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya 30 ni nadra. Kuchagua mteremko wa nyuzi 25 siku ya hatari kunaokoa watu wengi kuliko kujua majina ya fuwele zote.

Nchini Marekani Ian McCammon alichambua ajali 715 na kugundua jambo linalouma. Waliosoma kozi za maporomoko walijihatarisha karibu sawa na wasiosoma, hasa mahali walipopazoea, au walipokuwa na mtu waliyemdhania mjuzi, au walipoona wengine wameshapita, au walipotaka kuiwahi theluji mpya kabla haijachorwa na skii za wenzao. Dalili zilikuwepo, zikaonekana, zikapuuzwa.

Tarehe 1 Februari 2003 Rogers Pass ilirudi katika habari. Wanafunzi 14 wa shule moja ya Alberta na watu wazima watatu walikuwa wakipanda kwa skii bonde la Connaught Creek, ndani ya hifadhi ya Glacier. Walikuwa na vifaa vyote vitatu, walikuwa wamefundishwa, walikuwa wameachana nafasi. Poromoko kubwa lilianzia juu kabisa ya mlima, mbali na macho yao, na kulifunika kundi zima. Waongozaji wawili waliokuwa karibu waliona likishuka, wakakimbilia pale na kuanza kuwafukua. Wanafunzi saba walikufa. Siku 12 kabla, watu saba walikuwa wamekufa katika milima hiyohiyo ya Selkirk.

Kilio cha wazazi wa watoto wale kilileta kitu cha kudumu. Mwaka 2004 Kanada ilianzisha kituo cha kitaifa cha tahadhari za maporomoko, na idara ya hifadhi, ikiongozwa na Grant Statham, ikatengeneza kipimo kinachopanga njia zenyewe: rahisi, zenye changamoto, na tata. Tofauti yake na taarifa ya hatari ya siku ni kwamba mlima haubadiliki kila asubuhi. Bonde la Connaught Creek lilikuwa tata siku ile, lilikuwa tata wiki iliyotangulia, na litakuwa tata mwaka ujao. Shule zikakatazwa kupeleka watoto katika maeneo ya aina hiyo. Elimu ya mahali, ile ya wazee wa Andermatt, ikarudi ikiwa kwenye ramani ambayo mgeni anaweza kuisoma.

Tangu 2006

Mwaka 2006 Ron Simenhois na Karl Birkeland walianza kufundisha jaribio ambalo sasa hufanywa duniani kote. Mtu huchimba shimo, hukata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 30, huweka beleshi juu ya ncha moja, kisha hugonga: mara kumi kwa kifundo cha mkono, mara kumi kwa kiwiko, mara kumi kwa bega zima. Ufa ukikimbia na kukata nguzo yote hadi ncha ya pili, mteremko una tabaka linaloweza kusambaza mpasuko. Unarudi nyumbani.

Februari 2012, juu ya Tunnel Creek, si mbali na ilipokuwa Wellington, kundi kubwa la watelezaji wazoefu lilishuka mteremko waliojua siku hiyo kuwa na hatari. Watatu walikufa. Mwanamke mmoja, mtelezaji wa kulipwa Elyse Saugstad, alivuta kamba ya begi lake na kutoka hai. Wengi wao walikuwa wamesoma taarifa ya hatari, na baadhi walieleza baadaye kwamba ukubwa wa kundi lenyewe uliwafanya wanyamaze.

Mwaka 2024 watafiti walirudia hesabu ya Falk na Brugger kwa takwimu za Uswisi za miongo minne. Waliofukiwa kabisa na kutoka hai wameongezeka kutoka asilimia 43.5 hadi 53.4. Waokoaji wanaoitwa kutoka mabondeni wanafika haraka kuliko zamani, na wachache waliokaa chini kwa saa mbili au zaidi, wakiwa na nafasi ya hewa mbele ya uso, wanatibiwa vizuri zaidi hospitalini. Lakini ule muda wa mwanzo, ambao zaidi ya tisa kati ya kumi hutoka hai, umefupishwa katika mchoro mpya kutoka dakika 15 hadi 10. Na katika dakika hizo kumi anayechimba bado ni yule aliyekuwa amesimama karibu zaidi.